Brashi ya fundi au fonti ya kompyuta? Kuchagua herufi za kibao, risiti na kitabu

Dada mmoja mwenye mgahawa Malaba, upande wetu wa Uganda, alinipigia simu mwaka jana. Wateja wake wengi ni madereva wa malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Juba. Ni watu wanaosubiri karatasi za forodha huku njaa inawauma, na lugha inayowaunganisha njiani ni Kiswahili. Kibao chake cha zamani mvua ilikuwa imekimaliza. "Kaka," akaniuliza, "nimwite yule mzee wa brashi aniandikie ukutani, au nije kwako Nasser unichapie banna ya turubai? Na ukinichapia, utaweka maandishi gani? Mwanangu amenionyesha ya kwenye simu mpaka macho yameniuma."

Mimi nina meza moja na kompyuta moja Nasser Road, Kampala. Ukitaka kadi za harusi, kitabu cha risiti au kalenda yenye picha ya mgombea, mtaa wenyewe ndio huo. Ningeweza kumjibu kwa faida ya tumbo langu: njoo uchape. Lakini swali hilo nimeulizwa na walimu, na watu wa misikiti, na vikundi vya akiba, hata na jirani aliyetaka kuandika jina la marehemu babake kwenye kaburi. Nikaona bora nilijibu lote mara moja.

Wengi huanza kwa kuuliza ni herufi ipi iliyo nzuri. Mimi huanza kwingine: neno hili litaandikwa mara ngapi, na litaandikwa na nani? Neno la kuandikwa mara moja, mahali pamoja, na mtu mmoja aliyesimama mbele yake, lina mahitaji yake. Neno litakalopita mikononi mwa mchapaji, karani wa risiti, mwanao wa WhatsApp na tawi la pili utakalofungua Tororo Mungu akijalia, lina mahitaji mengine kabisa.

Sanaa na sanifu

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, ingawa kinatuchezea kidogo. Sanaa na usanifu yanasikika kama watoto wa tumbo moja, kumbe ni majirani tu. Yote mawili yamekuja kutoka Kiarabu. Sanaa imetokana na neno la kutengeneza, la ufundi wa mikono. Sanifu limetokana na neno la kupanga vitu kwa aina zake na kutunga. Ndiyo maana tunasema Kiswahili sanifu: kile kilichokubaliwa kiwe kilekile kitabuni, kikisomwa Dodoma au Kampala. Fonti nayo ni maandishi sanifu kwa maana hiyohiyo. A ya ukurasa wa kwanza ndiyo A ya ukurasa wa mia tatu. A ya mtu wa brashi hubadilika kadiri rangi inavyopungua kwenye kopo.

Makerere hawajawahi kuvitenga viwili hivi. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa pale mwaka 1937, na shule yenye jina lake mpaka leo inabeba sanaa za viwanda na sanaa za uzuri kwenye jina moja. Iko ndani ya chuo ambacho jina lake linataja uhandisi, usanifu, sanaa na teknolojia. Gregory Maloba, mchongaji mzaliwa wa Kenya aliyefundisha hapo, ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru uliopo katikati ya Kampala, wa mwaka 1962. Mnara huo ni mmoja, na ukitaka kuuona sharti uende.

Bendera ya mwaka huohuo, iliyobuniwa na Grace Ibingira, ilitakiwa kushonwa na kila fundi cherehani kutoka Arua hadi Kabale na bado ibaki bendera. Iangalie utaona. Mistari sita ya nyeusi, njano na nyekundu haiharibiki hata kwa mkono mbaya. Anayeharibika ni korongo wa katikati. Nimemwona akiwa kama bata, nimemwona akiwa kama kuku aliyenyeshewa. Mistari imesanifiwa kwa ajili ya kurudiwa, korongo anahitaji msanii. Nembo nyingi ninazoletewa mezani ni korongo watupu, hakuna mistari.

Brashi na banna

Nilipanda teksi hadi Malaba kumwona huyo mzee kabla sijamshauri dada. Alikuwa akimalizia duka la dawa. Kwanza hupiga uzi wa chaki ukutani, mstari wa juu na wa chini. Kisha huchora kwa penseli ya seremala, hafifu, halafu ndipo hushika brashi bapa na rangi ya mafuta iliyolainishwa kwa thina. Mkono wa kushoto unashika fimbo iliyoegeshwa ukutani, wa kulia unalala juu yake. Hautetemeki hata lori likipita.

Alipofika kwenye D ya DAWA aliendelea vizuri, lakini alipofika kwenye zile herufi tatu za mwisho aliisukuma W ikaingia chini ya mabega ya A zote mbili, karibu zigusane. Kompyuta isiyofundwa haifanyi hivyo. Inaipa kila herufi chumba chake na ukuta wake, na matokeo yake unasoma DUKA LA DA WA. Tembea mji wowote mdogo uhesabu maduka ya DA WA. Kiswahili kimejaa AWA na AVA, na MGAHAWA ndio usiseme. Fonti iliyotengenezwa na watu makini ina orodha ndani yake inayosema herufi hii ikikutana na ile zisogezwe kiasi gani. Fonti ya kuokota haina. Kwa hiyo hilo ndilo jaribio langu la kwanza kwa fonti yoyote ya kibao: naandika MGAHAWA kwa herufi kubwa, nasogea nyuma, natazama kama neno limebaki moja.

Jambo la pili alilonionyesha lilikuwa kwenye O ya neno "HOMA". Aliipitisha juu ya uzi wa chaki, na chini vilevile, kiasi cha upana wa ukucha. Nikamwambia, "Mzee, umevuka mstari." Hakunijibu. Alininyooshea brashi ng'ambo ya barabara. Nikavuka, nikageuka, na ile O ilikuwa sawasawa na H na M. Angeiweka ndani ya mstari ingeonekana imedumaa. Nilijua jambo hilo kutoka kwenye kompyuta, kwa sababu ukifungua fonti nzuri na kuipigia mistari utakuta kila herufi ya mviringo imevuka kidogo. Helvetica, iliyochorwa na Max Miedinger akiongozwa na Eduard Hoffmann huko Uswisi mwaka 1957, imefanya hivyo. Yule mzee wa Malaba sidhani kama ameisikia Helvetica. Jicho limewafikisha mahali pamoja.

Na safari kutoka ukutani hadi kwenye fonti imewahi kutembewa. Mwaka 1926 Eric Gill, mchongaji wa mawe wa Uingereza, aliandika kwa mkono jina la duka la vitabu la rafiki yake mjini Bristol. Stanley Morison wa kampuni ya Monotype aliyaona maandishi hayo, akamwomba Gill ayafanye kuwa herufi za kuchapia. Mwaka 1928 ikatoka Gill Sans, na kuanzia 1935 ikawa kwenye majalada ya vitabu vya Penguin. Kazi ya mara moja ikageuka ya mara milioni. Lakini Gill hakuhamisha tu ukuta hadi kwenye metali. Ilibidi herufi zichorwe upya, kila moja ikae vizuri kando ya jirani yeyote, kwa sababu huwezi kujua mchapaji wa kesho ataandika nini.

Sasa turudi kwenye banna. Banna ina haraka: unaniletea asubuhi, unaondoka nayo jioni. Ina bei ndogo. Inakunjika, inahamishika, na ukifungua tawi la pili unachapa nyingine ileile. Ubaya wake ni jua. Nyekundu hupauka kwanza, halafu matundu ya kufungia kamba huchanika na banna hubaki ikipiga makofi usiku kucha. Ubaya mwingine unaletwa na wateja wenyewe: kwa kuwa rangi na picha hazina bei ya ziada, kila mtu anataka zote. Sahani ya pilau iliyotolewa mtandaoni, kivuli nyuma ya maandishi, jina limepindishwa kama upinde wa mvua, na fonti tano. Kwa mzee wa brashi kila pambo ni saa moja zaidi chini ya jua, basi hujikuta amekuambia ukweli kuhusu pambo hilo.

Ukitaka kujua pambo liishie wapi, tazama kanga. Pindo limechangamka, mji, yaani katikati yake, umechangamka, maua na korosho vimejaa, lakini jina, yaani ule msemo wake, limeandikwa kwa herufi kubwa za wazi, kwenye nafasi yake, bila madoido. Aliyevaa anataka jirani asome kwa mbali, na jirani anasoma.

Kuhusu ukubwa, mafundi wa vibao wana kipimo ambacho hakijawahi kunidanganya: kwa usomaji mwepesi, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Malori pale hupanga mstari kama mita 30 kutoka mlangoni kwa dada. Hapo herufi ziwe na kimo cha sentimita 25. MGAHAWA kwa kimo hicho, kwa herufi nene za kawaida, inataka karibu mita 1.8 za ukuta. Dada alitaka pia TUNAWAKARIBISHA. Hilo neno moja linakula zaidi ya mita 3, na ukuta wake wote una mita 4 pamoja na mlango. Hapa ndipo watu hukimbilia fonti zilizobanwa, zile nyembamba ndefu kama mlonge. Ukizitumia, tundu la A linaziba, B inafanana na 8, na dereva anaona uzio. Mimi nilimbadilishia neno kabla ya fonti. KARIBU inatosha, na inakaa ndani ya mita 1.3.

Zenye vikia na zisizo na vikia

Herufi za aina ya Times New Roman zina vijikia mwishoni mwa mistari yake. Herufi za aina ya Arial hazina, zimekatwa butu. Watu hugombana kuhusu ipi inasomeka zaidi, na mimi sitaingia ugomvi huo, kwa sababu kwa kazi zetu kinachoamua ni karatasi na mashine.

Times New Roman ilianza kutumika mwaka 1932 kwenye gazeti la The Times la London. Stanley Morison huyohuyo aliisimamia, Victor Lardent akaichora. Ilitengenezwa ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba ya gazeti bila kuumiza macho. Hiyo ni sababu nzuri ya kuitumia kwa kitabu cha Kiswahili, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Mahali Mwingereza anapoandika vineno vitano, sisi tunaandika "hawajatuambia" na mstari unaisha. Fonti pana kwenye safu nyembamba ya Kiswahili inaacha mito ya weupe katikati ya aya, au inakata maneno kila mstari. Kama unataka kitu chenye vikia lakini kisichonuka ofisi, kuna Gentium, ambayo nitairudia.

Ila chapa hiyo ya vikia kwenye karatasi laini na mashine ya riso, ile ya mitihani ya shule, uone. Vile vistari vyembamba vinapotea, e inabaki na mdomo wazi kama c. Kwa risiti, mitihani na vipeperushi vya karatasi nyepesi, chukua butu. Kwa kitabu kwenye karatasi nzuri, chukua yenye vikia. Kwa kaburi, yule jirani nilimwambia amwachie mchonga mawe. Patasi ina vikia vyake yenyewe.

Kati ya Helvetica na Arial, usipoteze usingizi. Arial ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders, na upana wa herufi zake umelinganishwa na Helvetica kusudi, ili waraka ukihamishwa kutoka moja kwenda nyingine mistari isivurugike. Wapo wanaoidharau Arial kama mtoto wa kambo. Dereva mwenye njaa hawezi kuzitofautisha, wala mimi siwezi nikiwa mita kumi.

Tarakimu, hapo ndipo pa kuwa macho. Niliwahi kumchapia muuza vipuri vya pikipiki kadi 500 kwa fonti yenye vikia, maridadi, yenye zile tarakimu za kizamani zinazopanda na kushuka: 6 na 8 zinachungulia juu, 3, 7 na 9 zinateremsha mkia chini ya mstari. Nilipenda mwonekano wake. Namba ya simu niliiweka chini kabisa ya kadi. Mashine ya kukatia karatasi ikapita milimita mbili ndani, ikakata mikia. 9 ikawa 0. Kwa wiki mbili wateja wake wote walikuwa wakimpigia mwalimu mmoja wa Masaka, mpole sana, ambaye hatimaye ndiye aliyetuarifu. Nilichapa upya kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo namba ya simu, na hasa ya kutumiwa pesa, naiweka kwa tarakimu zilizosimama kimo kimoja, mbali na ukingo, na nazigawa kwa mafungu ya tatu tatu. Tazama pia kama 1 na 7 zinatofautiana ukikunja jicho moja.

Andika

Kuna fonti inayoitwa Andika, na jina hilo ni Kiswahili kweli. Imetengenezwa na shirika la lugha la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Ukiiona mara ya kwanza utasema haina uzuri wowote. Nami nilisema hivyo.

Kisha niliandika neno "Ili" kwa Arial, nikaliandika tena kwa Andika. Kwa Arial, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana, na i ni kijiti cha tatu chenye nukta. Mtoto wa darasa la kwanza anaona uzio wa mianzi. Kwa Andika, I ina kofia na kiatu, l imepinda chini, na kila moja inajulikana kwa sura. Sentensi ngapi za hadithi za watoto zinaanza na "Ilikuwa" au "Ilisemekana"? Kiingereza kina maneno machache ya namna hiyo. Sisi tunayo kila ukurasa.

Ya pili ni a. Katika Kiswahili hakuna herufi inayotumika sana kama a. Hesabu tu ndani ya "wanawakaribisha". Vitabu vingi vinachapa a yenye kofia, ya ghorofa mbili, wakati mwalimu ubaoni anaandika a ya duara na mkia, ya ghorofa moja. Mtoto anafundishwa moja na kupimwa kwa nyingine. Andika inatumia ileile ya ubaoni. Kwa fonti ya mtu mzima tofauti hiyo si kitu. Kwa kitabu cha darasa la kwanza, kwangu mimi inamaliza mjadala.

Ya tatu inatuhusu sisi wa Uganda zaidi. Luganda, kwa maandishi yaliyokubaliwa mwaka 1947, ina herufi ŋ, kama ilivyo kwenye eŋŋoma, yaani ngoma. Fonti nyingi za mapambo hazina herufi hiyo. Unapoiandika, kompyuta huazima ŋ kutoka fonti nyingine bila kukuuliza, na inakaa katikati ya neno kama mgeni aliyekuja harusini na nguo za kazi. Kibao cha lugha mbili, Luganda juu na Kiswahili chini, kinaharibika hapo. ŋ kubwa nayo ina maumbo mawili: moja ni N kubwa iliyoongezwa ndoano, wanayoipenda Wasami wa kaskazini mwa Ulaya; nyingine ni n ndogo iliyokuzwa, ambayo ndiyo ya lugha za Afrika. Andika na Gentium, zote za SIL, zina zote mbili ukijua pa kubonyeza. Noto ya Google nayo imetengenezwa kwa nia ya kuandika lugha zote bila kuacha visanduku vitupu.

Kiswahili kiliikwepa ŋ kwa kutumia ng', na hiyo alama ndogo ina visa vyake. Wapo wanaobonyeza kitufe cha juu kushoto, kile cha kialama kinachoegemea upande mwingine. Wapo wanaoiacha kabisa. Na zipo fonti zinazoipa alama hiyo nafasi pana hadi ng'ombe anakatika mapande mawili kabla ya kufika kwa mchinjaji. Basi jaribio langu la pili baada ya MGAHAWA ni kuandika "supu ya ng'ombe".

Comic Sans, kwa ufupi

Vincent Connare aliichora mwaka 1994 akiwa Microsoft, baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye programu moja akizungumza kwa Times New Roman, akaona haimfai mbwa. Alikuwa sahihi. Walimu wa chekechea wanaipenda kwa sababu a yake ni ya ubaoni, na siwacheki. Lakini nimeiona kwenye tangazo la msiba, juu ya picha ya mzee mwenye kanzu, na niliinamisha macho kwa ajili ya wafiwa. Ukitaka a ya ubaoni bila ucheshi wa katuni, Andika ipo.

Za bure na za kulipia

Andika, Gentium na Noto zinatolewa kwa leseni huria. Unachapa, unauza ulichochapa, hata kuibadilisha fonti unaruhusiwa. Kilichokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Kwa biashara ndogo sioni sababu ya kulipia, isipokuwa unatengeneza nembo ambayo hutaki ifanane na ya jirani, na hata hapo mchoraji wa mkono anaweza kuwa nafuu. Ninachokikataa ni ile flashi yenye fonti elfu kumi inayozunguka mtaani. Nusu yake hazina ŋ, robo hazina hata alama ya kuuliza, na zilizobaki ni fonti moja iliyopewa majina kumi na mawili.

Alichochagua dada

Ukutani nilimwambia amwachie mzee. Neno moja, mahali pamoja, rangi ya mafuta itakayovumilia kuliko turubai yangu. Mzee aliandika MGAHAWA kwa nyekundu na KARIBU kwa bluu, kimo cha sentimita 25, W imejibana kati ya A zake. Chini, kwa herufi ndogo, akaandika supu ya ng'ombe, na ile alama akaipiga kwa mguso mmoja wa brashi, ikatoka kama jani la mchai.

Orodha ya bei, ambayo hubadilika kila sukari inapopanda, ni Andika kwenye karatasi ngumu, kwa sababu binti yake wa miaka tisa ndiye anayeibadilisha na kuwasomea madereva wasiotaka kushuka. Vitabu vya risiti ni Arial, butu, tarakimu za kimo kimoja. Banna hakuchapa.

Kichwa cha risiti ndicho kilichotukwamisha. Dada alitaka jina liwe lilelile la ukutani, na mimi pia nililitaka. Nikapiga picha ukuta, nikaichora ile MGAHAWA upya kwenye kompyuta, herufi kwa herufi. A tatu za mzee zilikuwa tatu tofauti, ikabidi nichague moja. Ile alama ya jani nayo nikaichukua, nikaiweka kwenye ng'ombe wa orodha ya bei mahali pa ile ya Andika.

Nilirudi Malaba kumwonyesha mzee. Alishika risiti kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso, akaileta karibu. Akasema A niliyochagua ndiyo mbaya kuliko zote tatu. Kisha akaniuliza jina hilo litaandikwa mara ngapi. Nikamwambia kila kitabu kina risiti hamsini, na dada ameagiza vitabu ishirini kwa kuanzia. Akahesabu kimoyomoyo huku akifuta brashi kwa kitambaa, akataja bei ya ukuta wa pili. Tulimlipa.